Jembe la Mgeni: Usimulizi wa Kujitolea kwa Muda Mfupi na Ukimya wa Mwenyeji

Utangulizi

Waswahili wana methali mbili kuhusu mgeni ambazo aghalabu hutajwa mbalimbali, ilhali maana yake hukamilika zinaposomwa pamoja. Ya kwanza husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ya pili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza humfanya mgeni kuwa sababu ya heri. Ya pili humwekea mpaka wa wakati na kumpa kazi. Jambo la kuzingatiwa katika methali hii ya pili ni kwamba jembe si la mgeni. Hulitoa mwenyeji, naye ndiye ajuaye shamba li wapi, limelimwa kiasi gani na mvua zitaanza lini.

Makala haya yanachunguza usimulizi wa kujitolea ng'ambo kwa muda mfupi, yaani masimulizi ya vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja katika nchi za joto kwa majuma mawili au matatu ili kujenga, kufundisha au kulea watoto. Yanadai kwamba usimulizi huu umeichukua methali ya kwanza na kuiacha ya pili. Mgeni huja na jembe lake mkononi, na hadithi inayosimuliwa baadaye huwa ni hadithi ya jembe hilo. Aidha, makala yanadai kwamba hata wale waliougeukia usimulizi huu na kuukosoa hawajamrudishia mwenyeji sauti yake.

Umbo la neno

Uchunguzi huu unafaa kuanza na kitenzi chenyewe. Katika matumizi ya kawaida, kujitolea ni kutoa nafsi, nguvu au mali kwa ajili ya wengine bila kudai malipo. Kimofolojia, neno hili limeundwa kwa kitenzi -toa, kirejeshi -ji- na kauli ya kutendea. Umbo hilohilo ndilo lililomo katika kujipikia na kujinunulia, ambamo kirejeshi humtaja anayefaidi: ajipikiaye hupika ili ale yeye mwenyewe. Kwa hivyo umbo la neno linaruhusu usomaji wa pili, kwamba ajitoleaye hujitolea kitu kwa manufaa yake. Haidaiwi hapa kwamba sarufi ni hakimu wa nia za watu. Linalodaiwa ni kwamba utata uliomo katika kitenzi ndio utata wa masimulizi yenyewe: tendo linatendwa, lakini anayetendewa ni nani?

Msuko wa masimulizi haya unatoa jibu. Huanza kwa kuwasili na mshtuko wa joto na ufukara. Hufuata kazi ya mikono, kisha mapenzi ya watoto, na hatimaye machozi ya kuagana. Anayebadilika kati ya mwanzo na mwisho ni mgeni peke yake. Wenyeji ni sehemu ya mandhari, kama vumbi na minazi. Muda wenyewe unachangia kuumba msuko huu. Majuma mawili hayatoshi kujifunza lugha wala kuzijua koo za kijiji. Hutosha kupaka ukuta rangi na kupigwa picha mbele yake. Fauka ya hayo, mara nyingi msafiri hulipa ada kwa wakala aliyemwandalia safari, na kwa hivyo yeye ni mteja. Sharti kazi iwepo afikapo, na sharti isikwishe kabla ya kundi jingine kuwasili.

Usiku wa mafundi

Insha iliyoutikisa msuko huu kuliko nyingine nyingi iliandikwa mwaka wa 2014 na Mmarekani Pippa Biddle. Humo anaeleza safari aliyoifanya na wanafunzi wenzake hadi makao ya watoto yatima nchini Tanzania, ambako walikusudia kujenga maktaba. Wanafunzi wale hawakujua kuaka matofali. Kila usiku wanaume wa pale waliyabomoa yaliyojengwa mchana na kuyajenga upya, ili wageni waamkapo wasigundue kushindwa kwao.

Hiki ni kinaya kizito. Mchana ni wa mgeni, nao ndio unaopigwa picha. Usiku ni wa mwenyeji, nao ndio unaojenga ukuta. Hata hivyo, insha haiingii ndani ya usiku huo. Mafundi hawana majina, hawana kauli, hawana sababu. Walifanya hivyo kwa ujira, kwa kuamriwa, au kwa kuamini kwamba mgeni haaibishwi? Walicheka walipokuwa wakiyang'oa matofali, au walinuna kwa kuwa kazi ya siku moja ilifanywa mara mbili? Bila ya majibu hayo, haiwezekani kuamua kama kisa hiki ni cha ukarimu, cha unyonge au cha dhihaka.

Inaweza kujibiwa kwamba ukimya huo ni uaminifu: msimulizi aliyekuwa amelala hana haki ya kuwasemea waliokesha. Hoja hii ina uzito, na inamwondolea mwandishi lawama kubwa. Lakini haiuondoi upungufu, inauhamisha tu. Iwapo mgeni hawezi kuusimulia usiku ule, basi swali linawaelekea wenye usiku wao.

Yatima kama mhusika

Mhusika atajwaye zaidi katika masimulizi haya, na ajulikanaye kidogo zaidi, ni mtoto yatima. Hupewa tabasamu na mikono inayomng'ang'ania mgeni, lakini hapewi ukoo. Katika jamii za Waswahili, yatima hufiwa na mzazi, hafiwi na jamaa wote. Ana ami, mjomba, shangazi au nyanya, na kila mmoja wao ana wajibu wake. Usimulizi wa kujitolea huwafuta jamaa hawa kwa sababu ya kifani: wakiwapo, nafasi ya mgeni katika hadithi haipo tena.

Ufutaji huu una gharama nje ya vitabu. Imebainika katika nchi nyingi kwamba watoto wengi wanaoishi katika makao ya aina hii wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kwamba ufukara na haja ya elimu ndivyo vilivyowapeleka huko. Pale ambapo wageni hulipa ili wakutane na yatima, hupatikana pia watu walio tayari kuwatafuta yatima. Mwaka wa 2017, serikali ya Kenya ilisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto. Mwaka wa 2022 ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kuhamishia malezi kutoka katika makao hadi kwa familia na jamii. Mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila baada ya majuma mawili hujifunza kuachwa mara nyingi kuliko aliyefiwa mara moja. Kwake, muda mfupi si suala la msuko.

Waliowakanya wageni

Uhakiki wa jambo hili haukuanza jana. Mwaka wa 1968, Ivan Illich, aliyekuwa kasisi wa Kikatoliki, aliwahutubia huko Cuernavaca, nchini Meksiko, wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakielekea vijijini kujitolea. Aliwataka waje kutazama na kujifunza wakipenda, lakini wasije kusaidia. Hotuba ile ni kali na bado inasomwa. Hata hivyo, walengwa wake ni wageni. Mwanakijiji wa Meksiko ndiye anayetetewa, lakini hayumo miongoni mwa wasemaji.

Mbinu tofauti inajitokeza katika insha ya Mkenya Binyavanga Wainaina kuhusu namna ya kuandika juu ya Afrika, iliyochapishwa katika jarida la Granta mwaka wa 2005. Wainaina anatumia kauli ya kuamuru. Anajifanya mwalimu wa mwandishi mgeni, na kwa kumwelekeza atumie kila picha iliyochakaa, anazianika picha hizo zote. Mwenyeji hapa hatetewi na mtu. Yeye ndiye anayegawa kazi. Kwa lugha ya methali, amelitoa jembe, ingawa amelitoa kwa kejeli.

Fasihi ya Kiswahili nayo imeligusa suala hili kwa upande wake. Tamthilia ya Amezidi (1995) ya Said Ahmed Mohamed inakejeli utegemezi wa misaada kutoka ndani. Lawama haziishii kwa mtoaji bali humfikia mpokeaji aliyefanya kupokea kuwa kazi. Funzo hili ni muhimu mintarafu ya mada hii, kwani mwenyeji asiyetoa jembe naye ana sehemu yake katika kisa.

Jembe lililotolewa

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba kila ajaye kujitolea ni wa kukataliwa. Miongoni mwa makundi ya kwanza ya shirika la Peace Corps, lililoundwa nchini Marekani mwaka wa 1961, lilikuwamo kundi la wapimaji ardhi, wahandisi na wanajiolojia lililokwenda Tanganyika mwaka huohuo kwa kazi ya barabara. Muhula wa shirika hilo ulikuwa miaka miwili. Kazi ilijulikana, ujuzi ulihitajika, na nchi iliyowapokea ndiyo iliyoitaka kazi hiyo. Mpango huo ulikoma nchini Tanzania mwaka wa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, ukarejea mwaka wa 1979. Siasa za pande zote mbili zilikuwamo, na si haja kuupamba uhusiano huo. Tofauti inayohusu makala haya ni kwamba mwenyeji alikuwa na neno katika kuja kwa mgeni na katika kuondoka kwake.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba usimulizi wa kujitolea kwa muda mfupi humweka mgeni katika nafasi ya mtenda na ya mtendewa kwa wakati mmoja, na kwamba ungamo la mgeni, hata likiwa la kweli, haliibadilishi nafasi hiyo. Kinachokosekana ni masimulizi ya upande wa pili: ya fundi aliyejenga usiku, ya nyanya ambaye mjukuu wake huitwa yatima, ya mwalimu anayeyarudia masomo baada ya kundi kuondoka. Watu hawa wapo, wanazungumza Kiswahili, na wengi wao hawajaulizwa. Mtafiti wa fasihi simulizi aliyezoea kwenda nyanjani kukusanya ngano na nyimbo ana kazi hapa, naye mtunzi wa hadithi fupi ana usiku mzima ambao haujaandikwa. Hadi utakapoandikwa, maktaba ile ya Tanzania itaendelea kusimuliwa na waliokuwa wamelala.