Neno kwa Atakayefungua Faili Kesho

Karatu ni mji wa kupita. Lami inayotoka Makuyuni inaukata katikati, kisha inapanda kwenda lango la Lodoare na msitu wa ukingo wa Ngorongoro. Kando ya barabara hiyo kuna kampuni ndogo za utalii, nyingine yenye magari mawili, nyingine gari moja na meza ya ofisi. Nyingi zina tovuti, na tovuti hizo zimepita mikononi mwa watu kadhaa. Aliyeijenga kahamia Arusha. Aliyemrithi kapata kazi Dar es Salaam. Wa sasa anafungua faili la HTML jioni, magari yakiwa yamesharudi na kuoshwa, na hana wa kumuuliza kwa nini jambo fulani liliandikwa vile. Hapo ndipo namkumbuka kwa heshima mtu aliyeandika komenti.

Kuiandika ni kazi ndogo. Unaanza na bano la pembe, alama ya mshangao na vistari viwili. Unasema lako, kisha unafunga kwa vistari viwili na bano. Kivinjari kikifika hapo kinaruka, na mgeni wa Berlin anayetafuta safari haoni kitu. Ukurasa wenyewe kwa kawaida ni wa Kiingereza, kwa sababu wateja ni wageni, na tagi zake ni za Kiingereza pia. Katika faili zima, komenti ndiyo sehemu pekee ambapo mtu wa Karatu anaweza kuzungumza na mwenzake wa Karatu kama wanavyozungumza dukani. Naona ni hasara kubwa tunapoiacha tupu, au tunapoijaza Kiingereza cha kuazima.

Tazama mfano huu. Kwenye ratiba ya siku ya kreta ya Ngorongoro pameandikwa 06:00, na juu yake kuna maneno haya: “Saa zote hapa ni za kimataifa. 06:00 ni saa 12 asubuhi, lango linapofunguliwa. Usisahihishe.” Nalipenda sana hilo neno la mwisho. Aliyeliandika anawajua watu wake. Anajua kwamba mtu aliyekulia hapa, akiwa amechoka, ataiona sita na kuisoma saa sita mchana, kisha ataona ni vyema aweke 12:00. Kompyuta haitamkataza, maana 06:00 na 12:00 zote ni maandishi halali. Kosa litajulikana siku mgeni atakapokaa na begi lake loji mpaka adhuhuri, huku wenzake wakiwa wamekwisha kuona simba chini.

Au huu: “Mdogo wangu, bei hii tayari ina VAT ya 18%. Usiongeze tena.” Tangu Julai 2016, huduma za utalii zilipoanza kutozwa kodi hiyo, namba yoyote ya bei inamwachia mtu shaka: imo au haimo? Namba peke yake haijibu. Na mwingine, juu ya picha mbili za barabara, zinazofuatana: “Seneto ni ya kushuka, Lerai ni ya kupanda. Usizibadilishe nafasi.” Mbunifu wa kurasa asiyewahi kuteremka kreta angeweza kuitanguliza Lerai kwa sababu migunga yake ya manjano inapendeza zaidi. Dereva yeyote angemcheka, na mgeni makini angeanza kujiuliza kama kampuni hii inaijua njia.

Komenti zote hizo zinataja sababu. Ile inayosema “hapa jedwali linaanza” haimsaidii mtu, kwa kuwa jedwali linajionyesha lenyewe. Msimbo unaeleza kilichofanyika, lakini hauna namna ya kueleza kwa nini, wala ni njia gani ilijaribiwa ikashindikana.

Ngorongoro wanaijua kazi ya namna hii kwa kiwango kikubwa zaidi. Nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, zilifukuliwa na kundi la mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1978 na 1979, kisha zikafunikwa tena kwa mchanga na mawe. Mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikaanza kuzitishia nyayo. Wataalamu wa Idara ya Mambo ya Kale na wa taasisi ya Getty walipokuja kuzifunua upya, mwaka 1995 na 1996, walikuwa na ramani, picha na nakala zilizotengenezwa na kundi la kwanza. Wakaondoa mizizi, wakazifunika tena kwa tabaka zenye kitambaa maalumu cha kuzuia mizizi, nao wakaandika kila walichofanya. Mtalii anayepita juu haoni lolote kati ya hayo. Yaliandikwa kwa ajili ya atakayefukua tena.

Komenti hutumika pia kuficha. Mwaka 2020, ndege za kimataifa ziliposimama kwa sababu ya korona, wengi waliifungia orodha ya bei ndani ya komenti badala ya kuifuta, ili anga likifunguliwa, kama lilivyofunguliwa Mei, wairudishe kwa kuondoa alama mbili tu. Ila komenti ya HTML haibebi komenti nyingine tumboni. Kama ndani ya orodha ile mlikuwa tayari na komenti, alama yake ya kufungia inaifunga ile ya nje pia, na sehemu ya chini ya orodha inabaki wazi kwenye ukurasa. Fundi mzuri hukagua kwanza.

Tena hukumbuka kwamba kilichofichwa na kivinjari si siri. Yeyote anaweza kufungua chanzo cha ukurasa akasoma kila neno. Nywila, namba ya simu ya mteja, manung’uniko juu ya bosi: mahali pake si hapo.

Komenti huzeeka vilevile. Bei ikibadilika na maneno yaliyo juu yake yakabaki ya zamani, sasa yanapotosha, na heri pasingekuwa na kitu. Kwa hiyo nawaheshimu zaidi wanaoweka tarehe, na wanaosema lini neno lao litumike. “Picha hii ya ndama wa nyumbu ni ya Ndutu, Januari hadi Machi. Aprili weka iliyo chini yake, halafu andika mwaka ulipoibadilisha.” Chini ya maneno hayo ipo miaka kadhaa, kila mmoja umeandikwa na mtu tofauti.