Herufi kubwa katika anwani za tenzi

Ukurasa wa programu ya mazishi au harusi, kama zile zinazochapwa kwa haraka Mwembe Tayari, Mombasa, hupanga anwani kadhaa za tenzi pamoja, na hapo ndipo kazi ya mchapaji hupimika vizuri. Wengi hutazama karatasi na rangi. Afadhali kuanza na neno roho. Kwa herufi ndogo ni roho ya mtu, kwa kubwa ni Roho wa Mungu, na ndivyo ilivyo kwa bwana na Bwana, neno na Neno. Programu inayokweza kila neno, yaani kulianza kwa herufi kubwa, huifuta tofauti hiyo. Mtu atasema upatanisho watosha, kwani twasema “roho yangu” lakini “Roho wa Mungu”. Mara nyingi ni kweli, ila neno likipata -ni upatanisho hugeuka kuwa wa mahali. Jalada la kitabu cha nyimbo “Tenzi za Rohoni” halituambii kama ni rohoni mwetu au katika Roho. Kwa hiyo “Ni salama rohoni mwangu”, wimbo wa Horatio Spafford aliyefiwa na binti wanne baharini mwaka 1873, uandikwe hivyo hivyo, r ikiwa ndogo. Na katika “Usinipite, Mwokozi” M ibaki kubwa, maana anaitwa mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima: je, si adabu kumwandikia Mungu “jina Lako”? Nia ni njema, lakini Kiswahili hakiiruhusu ikamilike. Katika “nakusifu” Mungu yumo ndani ya kitenzi, katika -ku-, na hakuna anayevumilia “naKusifu”. Anayekweza “Lako” na kuiacha -ku- amegawa heshima nusu nusu. Biblia ya Union Version ya 1952 haikwezi viwakilishi hivyo, na hakuna aliyeiona imepungukiwa na uchaji. Tena, washairi wa Mvita, yaani Mombasa, walimsifu Mungu kwa hati za Kiarabu, zisizo na herufi kubwa hata moja, na sifa zao hazikupungua.

Wapo wanaotetea mazoea: vitabu vyenyewe huandika “Yesu Kwetu ni Rafiki”. Anwani hiyo yapendeza, lakini muulize mhariri kwa nini “ni” imeshushwa na “kwetu” ikapanda, atakosa kanuni. Huo ni mtindo wa Kiingereza, chenye vijineno vingi vinavyosimama peke yake. Vyetu vingi vimeshikana na maneno. Wala si Waingereza tu walioleta desturi zao: mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa Mjerumani, na Wajerumani hukweza kila nomino. Kila mgeni alikuja na desturi yake, na hakuna iliyotokana na lugha hii.

Ukipeleka programu kuchapwa, andika anwani mwenyewe: herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina ya Mungu tu. Kisha mwombe mchapaji asiziguse.