Gari Linalonusa Mafuta Linaokoa Kiasi Gani?

Kwenye yadi za magari Dar es Salaam, dalali hukutajia kilomita kwa lita hata kabla hujauliza bei. Kipimo hicho kinawapoteza wanunuzi wengi. Mwaka 2008, Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha katika jarida la Science kwamba watu hukosea kukadiria akiba ya mafuta wakipewa umbali kwa ujazo. Wakipewa ujazo kwa umbali, wanapatia zaidi.

Tuchukue kilomita 1,000 kwa mwezi, na petroli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Gari la kilomita 8 kwa lita litakula lita 125. Ukihamia la kilomita 12, utatumia lita 83. Umeokoa 42 hivi, yaani shilingi 125,000. Sasa mwenye hilo la 12 ahamie haibridi, yaani gari la petroli na umeme, ya kilomita 20. Ameruka kilomita 8, maradufu ya zile 4 za mwanzo, lakini anaokoa lita 33 tu, shilingi 100,000. Kama aliongeza milioni 6 juu ya gari lake la zamani, zitarudi baada ya miezi 60. Miaka mitano! Hapo bado bima kubwa, inayokokotolewa kwa thamani ya gari, na betri iliyokwisha kuzeeka Japani.

Na hiyo 20 uithibitishe. Haibridi ya Toyota Aqua ilipotoka mwishoni mwa 2011 ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo cha maabara cha Japani, si kwenye foleni ya Mwenge kiyoyozi kikiwa kinavuma. Ni kweli haibridi inafaidi foleni: injini huzima gari likisimama, na ukikanyaga breki sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri. Barabara ikiwa nyeupe, faida hiyo hupungua. Lakini anayetoka Kibaha kwenda Posta, karibu kilomita 40 kwenda tu, umbali wenyewe ndio utakaomrudishia hela mapema.

Kabla ya kumpigia dalali, pima gari ulilonalo. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita za dashibodi, endesha kama kawaida yako, kisha jaza tena kituo kilekile. Gawa kilomita kwa lita ulizojaziwa, na urudie mara kadhaa. Likisoma 8, mwone fundi kwanza: plagi, chujio la hewa, upepo wa matairi. Likipanda hadi 9 tu, ni lita 14 kwa mwezi, kama shilingi 42,000, na gari hujaliuza.