Ndiyo na Hapana katika Chati-mtiririko za Kiswahili

Siku hizi programu za kuchora michoro zimeenea ofisini na vyuoni, na mtu asiyeweza hata kunyoosha mstari kwa rula aweza kutoa chati-mtiririko safi kwa muda mfupi. Chati ya namna hii huonyesha hatua za kazi kwa maumbo na mishale: mstatili kwa tendo, umbo la almasi kwa swali, msambamba kwa kinachoingia au kutoka, na umbo la yai kwa mwanzo na mwisho. Miongozo ya wanaoanza huyafundisha maumbo hayo kwa uangalifu mwingi, kisha huyaacha maneno yaliyomo ndani yake yajitunze yenyewe. Makala haya yahusu maneno hayo, kwa kuwa naona ndiko chati nyingi za Kiswahili zinakoharibikia, wala si katika mistari.

Mchoro wenyewe si mgeni. Mwaka 1921 Frank na Lillian Gilbreth waliwasomea wahandisi wa mitambo wa Marekani makala juu ya chati za hatua za kazi. Mwaka 1947 Herman Goldstine na John von Neumann walitumia michoro ya mtiririko kupangia hesabu za mashine ya elektroniki. Na maumbo tunayoyakuta leo katika programu yaliwekewa kanuni ya kimataifa, ISO 5807, mwaka 1985. Kwa mwanaisimu, mwaka 1966 una utamu zaidi. Mwaka huo Corrado Böhm na Giuseppe Jacopini walionyesha kwamba mpango wowote wa mashine waweza kujengwa kwa mambo matatu tu, yaani kufuatana, kuchagua na kurudia. Hii ni sarufi ndogo kuliko ya lugha yoyote iliyopata kusemwa na wanadamu, na udogo wake ndio unaomdanganya mwanafunzi aidhanie kuwa nyepesi.

Wako waliokwisha kuikosoa chati-mtiririko kwa sababu nyingine. Frederick Brooks, katika kitabu chake cha 1975 juu ya kazi ya kutunga programu, aliona kwamba imesifiwa kupita kiasi. Na Ben Shneiderman na wenzake, katika majaribio waliyoyatangaza mwaka 1977, hawakuona kwamba chati za kinaganaga ziliwasaidia watungaji wa programu kwa namna ya kutajika. Nakubali. Lakini chati ninazozisema mimi hazikuchorwa kwa ajili ya watungaji wa programu. Zimebandikwa ukutani, nazo husomwa na mtu aliyeshika bahasha ya vyeti, anayetaka kujua aende dirisha lipi.

Anayeanza leo atakutana zaidi na programu mbili. Visio ilitoka mwaka 1992, na kampuni iliyoitunga ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2000, nayo hulipiwa. Ya pili, draw.io, hutumika bure katika kivinjari, na iko namna yake ya kusakinishwa katika kompyuta ifanyayo kazi bila intaneti, jambo ambalo wengi wetu tutalishukuru. Mtumiaji huvuta umbo kutoka upande wa kushoto, huliacha katikati ya ukurasa, kisha hubofya mara mbili na kuandika. Mshale ukiunganishwa barabara na umbo, huandamana nalo kokote lipelekwapo. Anayeanza ajizoeze jambo hili moja kabla ya rangi na mapambo, kwani mshale uliolazwa tu karibu na umbo bila kushikana nalo utaachwa nyuma mara umbo lisogezwapo. Hapa sina la kulaumu.

Lawama huanza mtu akiandika Kiswahili ndani ya almasi. Programu hukata mstari penye nafasi kati ya neno na neno, na kitenzi chetu hakina nafasi ndani yake. Neno kama "hawajaidhinishiwa", lenye herufi 17, ni sentensi nzima, wala halikatiki. Hutokeza nje ya pembe za almasi. Mwandishi, badala ya kupanua umbo, hulifupisha neno. Hapo ndipo viambishi vinapotupwa, nasi twaletewa maswali ya kisimu kama "Idhini?" au "Malipo?", ambayo hayasemi nani, wala lini, wala kama jambo limekwisha au bado.

Kubwa kuliko hilo ni swali la kukanusha. Tuchukue chati ya maktaba, kazi ambayo kila msomaji wa jarida hili aijua. Ndani ya almasi imeandikwa: "Msomaji hajarudisha kitabu cha kwanza?" Kutoka hapo mshale wa "Ndiyo" waenda upande mmoja, na wa "Hapana" upande wa pili. Katika Kiswahili, aulizwaye "Hujarudisha?" akajibu "Ndiyo", amekubali kauli ya muulizaji: ni kweli, sijarudisha. Katika Kiingereza jibu la kukubali huwa kinyume, yaani nimerudisha. Aliyeitunga chati hiyo kwa mawazo ya Kiingereza ataelekeza "Ndiyo" kwenye "Aazimwe kitabu cha pili". Karani aisomaye kwa Kiswahili atamwazima kitabu yule yule asiyerudisha cha kwanza. Zaidi ya hayo, wasemaji wetu wenyewe hawako pamoja, kwa maana waliosoma sana kwa Kiingereza mara nyingi hujibu kama Waingereza. Katika ofisi moja ya umma nimewaona watu wawili mbele ya swali "Hujasajiliwa?", wote wawili hawajasajiliwa, kila mmoja akafuata mshale wake. Mmoja wao alipanga foleni katika dirisha lisilo lake mpaka likafungwa.

Dawa ya kwanza yajulikana: swali liulizwe kwa kukubali. Lakini mimi naona tunayo dawa bora, nayo imo ndani ya lugha yetu. Kwa nini mshale uandikwe "Ndiyo" na "Hapana", ilhali kitenzi cha Kiswahili kwa neno moja chaweza kubeba jibu kamili? Mshale mmoja uandikwe "amerudisha", wa pili "hajarudisha". Msomaji hana tena haja ya kulikumbuka swali liliulizwaje. Na hata swali likiwa limeandikwa vibaya, jibu halipotoki.

Tukifanya hivyo, tutagundua kwamba almasi yenye milango miwili mara nyingi haitoshi. Chukua swali "Ada imelipwa?" katika chati ya maombi ya chuo. "Hapana" moja imefunika mambo matatu ambayo sisi huyatenga kila siku bila kufikiri. "Haijalipwa" yasema kwamba malipo yangali yatazamiwa; mshale wake hauna budi kurudi nyuma, ukafanya kitanzi, mwombaji akumbushwe na angojwe. "Haikulipwa" yasema kwamba muda umepita. Mshale wake waenda mwisho, faili lifungwe. "Hailipwi" ni habari nyingine kabisa: mwombaji huyu hatozwi ada, naye aendelee mbele pamoja na waliolipa. Kanuni ya ISO 5807 haikatazi almasi kuwa na milango zaidi ya miwili, wala programu haikatazi. Ni mazoea ya kutafsiri tu yanayotufunga, na yamfungaye hasa ni mwombaji ambaye faili lake limetupwa kati ya waliochelewa, kumbe alikuwa angali na siku tatu za kulipa.

Juu ya mistatili sitasema mengi. "Ihakikiwe" na "isainiwe" ni Kiswahili fasaha, ila humficha mtendaji, na ofisi hupenda kufichwa. Programu hizi zina michirizi sambamba, kila mmoja kwa mhusika wake. Mwandishi aitumie, au aandike "Mhasibu anahakiki".

Kwa hiyo mwanafunzi wangu simruhusu kuifungua draw.io siku ya kwanza. Huandika kwanza sentensi zake katika karatasi, kila swali na majibu yake yote, kisha huzisoma kwa sauti mbele ya mtu asiyeijua kazi hiyo. Siku ya pili humpa Mermaid, programu iliyoanzishwa na Knut Sveidqvist mwaka 2014, ambayo haidai kuvuta maumbo: mtumiaji huandika maneno na alama za mishale katika mistari ya kawaida, nayo mashine hupanga mchoro yenyewe. Hapo neno hutangulia na umbo hulifuata, likipanuka kadiri ya urefu wake, hata "hawajaidhinishiwa" likaenea. Draw.io nayo huyapokea maandishi ya Mermaid, basi anayetaka kupamba baadaye hakukatazwa. Jambo moja la kuchekesha: maelezo ya Mermaid huwaonya watumiaji kwamba neno la Kiingereza "end", likiandikwa kwa herufi ndogo ndani ya umbo, laweza kuivunja chati. Anayeandika "mwisho" hana hofu hiyo.