Utangulizi wa Senema na Ada ya "Paukwa"

Wengi hudhani kwamba majina yaandikwayo mwanzoni mwa senema ni kitu cha kungojewa kipite ili hadithi ianze. Rai hiyo haina nguvu, na senema ya Kihindi iitwayo Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy na kutolewa mwaka 1975, yatosha kuipinga.

Gari moshi lafika katika stesheni ndogo. Ashuka bwana jela aliyevaa sare, apokewa na mtumishi, na wote wawili wapanda farasi. Majina yapita huku wao wakipita baina ya majabali na makazi ya watu, wala hakuna neno linalosemwa. Kuna muziki tu wa Rahul Dev Burman. Mtazamaji apata kujua, pasipo kuambiwa, kwamba waendako ni mbali na reli, na mbali na sheria iliyoshuka kwa reli hiyo. Mwisho wa safari yupo Thakur, amejifunika shali. Na shali hiyo yaficha jambo ambalo kisa chote chalitegemea.

Katika mitaa kama Keko, wilayani Temeke, zama za vibanda vya video, senema za kigeni zilifasiriwa kwa sauti na wasimulizi. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Sanaa hiyo yastahili sifa, kwani iliwapa watazamaji hadithi kwa lugha yao. Lakini ina hatari yake. Msimulizi aonapo vinywa vimefumbwa, aweza kudhani kwamba pana pengo la kuzibwa, akaeleza nani ni nani na shali yaficha nini. Hapo huwa amefasiri kisichosemwa, na kwa kukifasiri amekiharibu.

Yaweza kujibiwa kwamba tenzi nazo huanza kwa maneno mengi: dua, na kuagiza wino na karatasi. Ni kweli, lakini maneno hayo hufungua kisa, hayakimalizi. Mtambaji naye asemapo "Paukwa!" hunyamaza hata ajibiwe "Pakawa!" Kimya hicho kifupi ni mali ya wasikilizaji, ndipo wanapokubali kuingia hadithini.

Mwendo wa wale farasi wawili ni kimya cha namna hiyo. Yampasa msimulizi kuyasoma majina, khasa kwa wasioweza kuyasoma wenyewe. Kisha na anyamaze, awaache farasi wafike.