"Nyundo ya Wachawi": Kisa Kinapogeuzwa Ushahidi

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba Kanisa la Ulaya katika zama za kati liliwasaka wachawi tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa maoni yangu dai hili halina mashiko. Hebu tulinganishe matini mbili.

Ya kwanza ni Canon Episcopi, iliyomo katika mkusanyo wa sheria za Kanisa wa Regino wa Prüm, wa mnamo mwaka 906. Inawataja wanawake wanaodai kuwa usiku hupanda wanyama na kusafiri pamoja na Diana, mungu wa kike wa wapagani. Je, inakubali kwamba wanasafiri? La hasha! Inasema hiyo ni ndoto tu, hadaa ya shetani, na anayeisadiki ndiye aliyepotoka katika imani.

Ya pili ni Malleus Maleficarum, yaani "Nyundo ya Wachawi", ya Mdominiko Heinrich Kramer, iliyochapwa Ujerumani mwaka 1486. Hapa mambo yamepinduka: sasa anayekana kwamba wachawi wapo ndiye mzushi. Kramer kafikaje huko? Jibu limo katika fani. Anarundika visa, kimoja kikikitolea ushahidi kingine, na msimulizi ndiye huyo huyo hakimu. Hata jina la kitabu limekwisha kutoa hukumu, maana neno maleficarum katika Kilatini ni la kike, jambo ambalo neno letu "wachawi" haliwezi kulionyesha. Tena anadai kuwa femina, yaani mwanamke, limetokana na maneno yenye maana ya "imani" na "pungufu". Kiisimu huo ni uongo mtupu, jamani, lakini kitabuni unapita kama hoja.

Mwaka 1485, mjini Innsbruck, Kramer aliwashtaki wanawake kadhaa, akiwemo Helena Scheuberin, aliyekuwa amempinga waziwazi. Kesi ikavunjwa, na Askofu Georg Golser akamtaka aondoke. Kumbe hata ndani ya Kanisa la wakati wake walikuwepo wasiokubaliana naye! Mahakamani alijibiwa; kitabuni, mwaka mmoja baadaye, akabaki anazungumza peke yake.

Kwa hiyo tunapoihakiki "Nyundo", haitoshi kubishana kama uchawi upo au haupo. Tuulize kwanza nani anasimulia, na nani kanyimwa nafasi ya kujibu.