Nyeupe ya Chokaa, Buluu ya Unga

Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, chumba kiitwacho ndani kiko mbali na ua. Mwanga hushukia uani, ukavuka misana, yaani kumbi ndefu nyembamba, ukakifikia ukiwa hafifu. Kwa hiyo mafundi wa kale walikipaka chokaa nyeupe, pamoja na zidaka, vishubaka vya ukutani, maana ukuta uliopakwa chokaa safi hurudisha zaidi ya asilimia 80 ya mwanga. Buluu iliyokolea mara nyingi hairudishi hata asilimia 15. Ukipaka buluu humo, mchana utawasha taa.

Lakini buluu isionewe. Sebule ya Mombasa inayotazama machweo hupigwa na jua la alasiri, na weupe wake humlazimisha mgeni kufinya macho. Hapo buluu hutuliza, na mazungumzo yakaendelea hadi magharibi bila mtu kuhamisha kiti.

Fundi mzuri huanza na ukuta wenyewe. Mawe ya matumbawe hunyonya unyevu na chumvi. Ukiyafunika kwa rangi ya mafuta, unyevu hukosa pa kutokea na rangi hubanduka magamba kwa magamba. Chokaa huuacha ukuta upumue. Huzimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa, ukuta ukaloweshwa kwanza, kisha ikapakwa mikono kadhaa myembamba. Ikiwa mbichi haionekani kitu! Weupe huja inapokauka, na ugumu huja polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa. Kazi hii hudai subira, na inastahili kusifiwa kuliko inavyosifiwa.

Je, buluu yaweza kuingia ndani ya chokaa hiyohiyo? Yaweza, ila si kila buluu. Ukali wa chokaa huiharibu buluu ya Prussia, lakini ultramarini huuvumilia. Zamani rangi hiyo ilitoka kwenye jiwe la thamani lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan; mwaka 1828 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipata tuzo kwa kuitengeneza kwa gharama nafuu, na ikashuka hadi kuwa unga wa kung'arishia nguo nyeupe.

Kabla ya kuamua, fundi hupaka kiraka kikubwa cha kila rangi na kukitazama asubuhi, alasiri na usiku. Chini ya taa ya manjano, buluu hufifia ikaelekea kijivu; chini ya taa nyeupe hurudi kuwa kali. Ndiyo sababu humuuliza mwenye nyumba atafunga taa gani, kabla hata hajakoroga ndoo ya kwanza.